Kilo za Miguuni

Mniko hakuhitaji mizani. Kwenye minada yote kuanzia Bunda mpaka Butiama, watu walimjua kama dalali mfupi mwenye fimbo ambayo haijawahi kumchapa ng'ombe. Alimzunguka dume mara moja, akampiga kofi la paja, akataja kilo zake. Mizani ikija kuulizwa baadaye, ilikubaliana naye kwa tofauti ya kilo mbili, tatu. Wengine walisema ni kipaji. Yeye alisema ni mazoea, kwamba ukikishika kitu kimoja miaka ishirini na sita, nacho huanza kukushika.

Kosa lake lilianzia hapo hapo. Mtu akijua jambo moja sana, huona kama amejua na la jirani yake.

Mkewe, Hyasinta, alikuwa mwalimu wa hisabati katika sekondari moja ya Butiama, nao waliishi Bweri, Musoma, kwenye nyumba waliyoijenga chumba baada ya chumba. Kila siku ya shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, walipanda kigari chao kidogo cha milango mitano na kwenda karibu kilomita arobaini. Mniko alimshusha mkewe juu ya kilima cha shule, kisha akaendelea na minada yake. Jioni Hyasinta alirudi kwa basi.

Mtoto wao, Robert, alikuwa shule ya bweni. Nyumbani jioni Hyasinta alikuwa na madaftari, na Mniko alikuwa na simu za wafugaji, ambao husahau kwamba simu imebuniwa ili mtu asipige kelele. Kwa hiyo walizungumzia garini. Rangi ya bati la nyumba, shule ya Robert, jina la mbwa, yote yaliamuliwa kati ya Bweri na Butiama, mara nyingi baada ya kupita Makutano. Mniko hakuwahi kumwambia mtu, lakini saa ile moja ya asubuhi ndiyo aliyoihesabu kuwa ndoa. Nyingine zilikuwa saa za kukaa nyumba moja.

Ofisini kwa mkuu wa shule kulikuwa na kitabu cha mahudhurio. Saa moja na nusu kamili, mkuu wa shule, mwalimu Hilda, alichukua rula na kalamu nyekundu akapiga mstari. Aliyesaini juu ya mstari amewahi. Aliyesaini chini yake amechelewa, na jina lake linabaki pale mwezi mzima likitazamwa na kila anayekuja. Hilda hakuwa mkali. Alikuwa na rula tu.

Hyasinta alikuwa na miaka minne juu ya mstari.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mnadani Bunda, Wambura aliliegemea gari la Mniko akalitazama kwa makini. Wambura alikuwa dalali mwenzake na mtani wake, na gari lake lilikuwa ndugu wa tumbo moja na hili, limetofautiana rangi tu.

"Mura," akasema, kama vijana wa Mara wanavyoitana, "hii gari yako uliinunua ikiwa na njaa?"

"Kwa nini?"

"Angalia miguu. Mwili wa ng'ombe, miguu ya mbuzi."

"Na yako je?"

"Yangu najua ni mbaya. Ya kwako ndiyo ulikuwa hujaambiwa."

Watu wakacheka, na Mniko akacheka nao, lakini neno lile lilimkwama kama mwiba wa sato. Mnada ulipoisha hakurudi Musoma. Alikata kuelekea Kabasa, kwa Nassibu.

Nassibu aliuza rimu na matairi ya mitumba kwenye kiwanja kilichozungushiwa mabati. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia ya kufuma na tambara begani, na alikuwa na tabia ya kuliangalia gari kwanza kabla ya kumwangalia mwenye gari. Aliliangalia gari la Mniko, akaingia ndani, akatoka na rimu moja ameining'iniza kwenye vidole viwili.

"Hizi hapa," akasema. "Nyepesi. Ndizo zinazoifaa gari yako, kaka."

"Bei?"

"Hizi ndizo za juu kuliko zote humu."

Mniko alimtazama kwa huruma. Miaka ishirini na sita alikuwa amesikia kila aina ya ulaghai. Alikuwa ameuziwa maksai aliyenyweshwa maji ya chumvi ili tumbo lijae, na mtamba aliyepakwa masizi kuficha kovu. Lakini muuzaji wa kusema kwa kinywa chake kwamba mnyama huyu amekonda, kwa hiyo toa zaidi, huyo hakuwahi kukutana naye.

"Naomba niangalie mwenyewe," akasema.

Akazunguka kiwanja chote mikono nyuma. Kwenye kona akayaona magurudumu. Yalikuwa manne, makubwa, yanang'aa kama sufuria ya harusi, na matairi yake mapana tayari yamevishwa. Mniko akainua moja, akalishusha, akalipiga kofi.

"Hili lina mwili," akasema. "Ishirini na mbili."

"Sijawahi kulipima," akasema Nassibu.

"Ishirini na mbili. Yangu yale ni kumi na tatu. Unaona tofauti?"

"Naiona. Ndiyo inayonitia wasiwasi. Haya yalitoka kwenye gari kubwa kidogo. Matundu ya nati yanaingia, ila gari yako ni ndogo, kaka."

"Itakua."

Nassibu alifikiri kidogo, kisha akaita fundi alete jeki. Hakuwa mtu wa kubishana na mteja mara mbili. "Kila mtu na miguu yake," akasema. "Yako ya zamani nitayaweka wiki moja. Watu wanarudiga."

"Mimi sirudi," akasema Mniko.

Alipofika Bweri, Hyasinta alitoka na mwiko mkononi, akalizunguka gari, akasukuma tairi la mbele kwa ncha ya ndara. Halikutikisika.

"Mazito haya," akasema.

"Asante," akajibu Mniko.

Hyasinta akamtazama, akatazama tairi, akarudi jikoni kwenye ugali wake. Kuna wakati mwalimu huona kwamba mwanafunzi hajafika kwenye sura hiyo ya kitabu.

Jumatatu waliondoka saa kumi na mbili na nusu kama siku zote. Mniko akakanyaga mafuta kutoka getini, na gari likasita kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake, ndipo likaondoka. Kwenye tuta la kwanza alikanyaga breki akaona tuta linamjia haraka kuliko alivyozoea. Kila alipokata kona kali, tairi liligusa bodi kwa ndani likalia *kwaaa*, na Hyasinta akanyanyua macho kutoka kwenye madaftari.

"Nini hicho?"

"Linajizoeza."

Kilima cha shule ndicho kilichotoa siri. Siku zote gari lilikipanda huku wao wakiendelea kuongea. Siku hiyo lilinguruma kama linakwenda Nairobi, na likaenda kama linakwenda msibani. Kuku aliyekuwa akivuka mbele yao alivuka, akabadili mawazo, akarudi.

Hyasinta alisaini kwa dakika tatu chini ya mstari.

Jioni alieleza jambo hilo huku akipakua mboga, kwa sauti ile ile ya kuuliza kama chumvi imetosha. "Hilda anasema kuna nyumba ya walimu imebaki wazi. Hatua hamsini kutoka ofisini. Nimekubaliana naye. Nikiwa chini ya mstari mara tatu mwezi huu, nahamia kule. Nyumbani nitakuwa nakuja Jumamosi."

"Kwa dakika tatu?"

"Baba Robert, mimi naamka saa kumi. Napika, nafagia, nasahihisha. Kule nitalala mpaka saa kumi na mbili. Hujui watu wanaolala mpaka saa kumi na mbili wanavyokuwa wazuri."

Mniko hakula vizuri. Alijiona kwenye nyumba ile tangu Jumapili jioni mpaka Jumamosi, yeye, mbwa na simu za wafugaji.

Lakini hakuwa mtu wa kukata tamaa, na tatizo lenyewe lilikuwa la kilo, jambo la nyumbani kwake kabisa. Kwanza alilaumu petroli. Akabadilisha kituo cha kujazia, hali ikabaki ile ile. Kisha akalaumu upepo wa ziwa, mpaka siku ambayo bendera ya ofisi ya kata ilikuwa imelala kama nguo iliyoloa. Ndipo akakaa chini akapiga hesabu. Matairi mapya yameongeza kilo tisa kila moja, jumla thelathini na sita. Basi dawa yake ni kutoa thelathini na sita mahali pengine.

Siku iliyofuata akatoa mazulia ya chini, kilo nne. Akatoa ndoo ya kamba za ng'ombe, tisa. Spika mbili kubwa za nyuma, sita. Kreti ya chupa tupu iliyokuwa imesahaulika tangu Krismasi, tano. Mwishowe akafungua kiti chote cha nyuma, kilo kumi na sita, akakiweka barazani ambapo mbwa alikipokea kwa shukrani. Tairi la akiba alilitazama sana, ila akakumbuka trafiki, akaliacha.

"Arobaini," akamwambia mkewe. "Nimeongeza thelathini na sita, nimetoa arobaini. Sasa gari ni jepesi kuliko lilivyokuwa."

Asubuhi gari lilisita getini vile vile, likanguruma kilimani vile vile, na Hyasinta alisaini zikiwa zimebaki sekunde za kuhesabika. Tofauti pekee ni kwamba sasa kila kokoto lilisikika.

Hapo Mniko akaanza kuchanganyikiwa, na mtu aliyechanganyikiwa huchokonoa mahali pasipopaswa.

"Haya madaftari ya kidato cha pili," akauliza siku moja wakiwa njiani, "ni kama kilo saba hivi?"

"Saba na nusu. Unataka niwafundishe bila kuandika?"

"Naulizaga tu."

Yeye mwenyewe akaacha kunywa uji asubuhi. Akavua mkanda wenye bakuli la chuma. Kesho yake Hyasinta alimkuta amesimama mlangoni pa gari anatazama ndani, midomo ikihesabu.

"Umebakiza mimi tu," akasema Hyasinta.

Mniko hakujibu haraka, na hilo lilikuwa kosa. Kutoka Bweri mpaka Butiama hakuna aliyesema neno.

Jumatatu ya pili ilikuja na mambo yake. Walikuwa wameondoka vizuri, barabara imekauka, na Mniko alikuwa ameushikilia mshale wa spidi kwenye hamsini, hauzidi wala haupungui, kwa sababu karibu na Makutano pana kibao cha hamsini na kila dereva wa Musoma anajua kwamba nyuma ya kibao kile huwa kuna mtu. Mtu alikuwepo. Afande wa kike, amevaa koti la mvua, tochi ya kupimia mwendo mkononi. Akanyoosha mkono.

"Habari ya asubuhi, mzee. Unakimbilia wapi?"

Mniko alidhani hajasikia vizuri. "Nani?"

"Wewe. Mwendo kasi. Hamsini na sita."

"Afande, gari hii?"

"Hii hapa."

"Mama, nakuheshimu sana. Lakini gari hii juzi imepitwa na baiskeli iliyobeba mkaa. Gari hii mimi naiombea ifike hata hamsini."

"Basi maombi yamejibiwa," akasema afande, akamgeuzia kile kioo kidogo. Pale palikuwa na namba, hamsini na sita, na palikuwa na picha ya gari lao, na ndani ya picha Hyasinta alionekana akitazama saa.

"Mimi nimeangalia mshale," Mniko akasema. "Ulikuwa kwenye hamsini. Muulize mwalimu."

Afande akainama dirishani. "Mwalimu, ni kweli?"

"Mshale ulikuwa kwenye hamsini," akasema Hyasinta, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema uongo. Kisha akaongeza, kwa sababu hiyo hiyo, "Lakini nadhani na mashine yako iko sahihi."

Mniko akamgeukia mkewe kama aliyeuzwa mnadani. Afande alimwandikia faini yake taratibu, kwa mwandiko mzuri, na wakati anamaliza herufi ya mwisho saa ilikuwa moja na dakika ishirini na mbili.

Mara ya pili chini ya mstari.

Kuanzia Jumanne waliondoka saa kumi na mbili na dakika kumi. Hilo lilitibu kitabu cha mahudhurio na likaua kila kitu kingine. Hyasinta alikula andazi lake garini, akalala kabla ya uwanja wa kwanza wa mpira, na kichwa chake kiligonga kioo mpaka Butiama. Mniko aliendesha akisikiliza kokoto. Alikuwa na habari nzuri ya ndama aliyezaliwa Murangi akiwa na doa jeupe lenye umbo la kijiko, lakini hapakuwa na wa kumwambia.

Jumatano jioni Hyasinta alifunga daftari la mwisho. "Kesho ni siku ya mwisho ya kuondoka mapema," akasema. "Nimechoka. Ijumaa naondoka saa yangu ile ya zamani. Tukifika, tumefika. Tusipofika, unisaidie kubeba godoro."

Usiku wa kuamkia Alhamisi, siku ya mnada mdogo wa katikati ya wiki, mvua ilinyesha Bunda, na uwanja wa mnada ulikuwa udongo mweusi wa mbuga, ule usiomwachia mtu kiatu bila mazungumzo. Mniko alivaa mabuti ya mvua, akatwika begani mfuko wa kilo kumi wa chumvi ya ng'ombe, akaanza kuvuka kuelekea zizini. Hatua ishirini tu akawa anahema. Akasimama, akajitazama. Kila buti lilikuwa limevaa buti la tope.

*Kilo moja na nusu,* akakadiria bila kukusudia. *Kila mguu. Jumla tatu.*

Kisha akafanya jambo ambalo watu wa Bunda walilisimulia kwa wiki nzima. Aliuweka mfuko juu ya jiwe, akatembea na tope lake mpaka zizini na kurudi. Akahema. Akalikwangua tope lote kwa fimbo, akautwika mfuko, akapita ukingoni kwenye majani akiwa na kilo kumi begani na mabuti yasiyo na tope. Hakuhema. Akarudia. Mara ya tatu watu walikuwa wameacha ng'ombe wanamtazama yeye.

"Mura," Wambura akaita, "umepoteza kitu, au kitu ndicho kimekupoteza?"

"Kilo kumi za begani ni nyepesi kuliko tatu za miguuni," akasema Mniko.

"Nani kakuambia?"

"Miguu."

Ilikuwa wazi sana kiasi cha kumtia aibu. Mfuko ulipanda begani mara moja, ukakaa, ukabebwa. Tope halikubebwa hivyo. Lilinyanyuliwa, likarushwa mbele, likasimamishwa, na kabla hujapumzika lilitaka kunyanyuliwa tena, kila hatua upya. Kiti cha nyuma kilikuwa mfuko wa chumvi. Mazulia, spika, kreti, madaftari ya watu, vyote vilikuwa abiria. Na yeye alikuwa amewashusha abiria wote ili gari liendelee kutembea na tope.

Akaenda kwenye gari, akafungua gurudumu moja, akatoa na lile la akiba, ambalo lilikuwa la zamani, akayaviringisha yote mawili mpaka kwenye kizimba cha mizani ya mifugo. Karani wa mizani alimfungulia mlango kwa adabu, kama anavyowafungulia ng'ombe wengine.

"Ana meno mangapi?" mtu akauliza kwa nyuma.

"Amechanjwa?"

"Mbona hana nundu?"

Wambura akapanda juu ya nguzo. "Huyo mkubwa mimi namchukua, lakini nataka nimwone anatembea."

Mizani ikasema ishirini na mbili kwa kubwa. Kwa dogo, kumi na tatu. Mniko alikuwa amezipata zote mbili bila kukosea hata nusu kilo, na hilo ndilo lililomuuma. Kilo alizijua. Kilichompita ni mahali zilipokaa.

Mchana ule ule alikuwa Kabasa. Nassibu alikuwa anakunywa chai, alimwona mteja wake, akaliona gari, hakusema "nilikwambia." Alimsogezea kigoda.

"Nimerudi," akasema Mniko.

"Karibu."

"Yale ya zamani?"

Nassibu akaweka kikombe chini polepole. "Wiki ilipita Jumamosi. Jumatatu alikuja dereva wa Murangi, akayachukua yote manne."

Mniko akaketi kwenye kigoda. Halafu akasema, "Nieleze kitu kimoja. Naweza kuelewa kwa nini gari haliendi. Lakini kama haliendi, kwa nini nimepigwa faini ya mwendo kasi?"

Nassibu hakucheka, ingawa tambara lake lilipanda kidogo kufuta mdomo. Alichukua chaki, akalitia alama gurudumu kubwa na lile dogo la akiba, akayasimamisha sambamba kwenye mstari mmoja, alama zikiwa chini. Akayasukuma yote mawili mpaka kila moja lilipomaliza mzunguko mmoja kamili. Dogo likasimama. Kubwa likaendelea mbele kwa karibu urefu wa shibiri, ndipo alama yake ikagusa ardhi.

"Gari haijui kilomita," akasema. "Inajua mizunguko. Wewe umeipa miguu mirefu na hukuiambia. Ikisema hamsini, imeshavuka. Na mguu mrefu na mzito, injini ndogo inapata tabu kuuzungusha. Kwa hiyo inachelewa kuondoka, na ikishaondoka inakudanganya."

Mniko akakumbuka mkewe amesema mashine iko sahihi. Akakumbuka pia "mazito haya," na jibu alilotoa.

"Zile za vidole viwili," akasema hatimaye. "Zipo?"

Zilikuwepo, zimening'inia pale pale, na matairi ya kimo kile kile cha yale ya zamani yalipatikana. Bei nayo ilikuwa pale pale. Mniko aliinua moja likiwa limevishwa tayari. Kumi na moja. Katika maisha yake yote hakuwahi kununua mnyama aliyekonda kuliko wote zizini kwa bei ya juu kuliko wote, na alimwomba Mungu asipite mtu anayemjua.

Aliyepita ni Wambura. Alikuwa amemfuata kutoka mnadani kwa sababu hakutaka kukosa mwisho. Alitazama rimu zile nyembamba zikifungwa, akatazama yale makubwa yanayong'aa yaliyoegemezwa ukutani.

"Haya unayaacha?"

"Nayaacha. Wambura, nisikilize. Usiyaguse. Gari yako ni kama yangu, yataifunga miguu."

Wambura akamtazama kwa jicho la kidalali, lile linalotafuta kilichofichwa. "Wewe umeyavaa wiki mbili, umetembea nayo, umeonekana. Sasa mimi ndiyo nisiyaguse?"

"Nakuambia ukweli."

"Wenye mali ndivyo wanavyosemaga," akasema Wambura, akamgeukia Nassibu. "Bei gani?"

Nassibu akaanza kumweleza kuhusu ukubwa wa gari lake. Mniko hakusubiri kusikia.

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu, walitoka getini. Kiti cha nyuma kilikuwa kimerudi mahali pake, na mbwa alilisindikiza gari kwa macho ya lawama. Mniko alikanyaga mafuta, na gari likaondoka papo hapo, bila kuuliza ni nani anayeitwa. Hyasinta, aliyekuwa ameegemea kioo tayari kwa usingizi, akakaa wima.

"Umelifanya nini?"

"Nimelivua mabuti," akasema Mniko, akamweleza yote, tope, mfuko wa chumvi, kizimba, mpaka lile swali la meno. Hyasinta alicheka mpaka akavua miwani. Mniko akampa na ndama wa Murangi mwenye kijiko. Makutano afande alikuwa kibaoni kwake; walipita kwa hamsini ya kweli, naye akawapungia mkono kama watu wa nyumbani.

"Na mimi nina habari," akasema Hyasinta walipokaribia Butiama. "Hii hujawahi kuisikia. Jana, unajua nani alichelewa?"

"Nani?"

"Hilda."

"Acha."

"Kweli. Tumekaa wote ofisini, walimu kumi na mmoja, saa moja na nusu inafika, hakuna rula, hakuna mtu. Tunatazamana. Saa moja na dakika thelathini na nane, mlango—"

Mniko akakanyaga breki. Kundi la ng'ombe lilikuwa limejaa barabarani chini ya kilima. Gari likasimama pale alipotaka lisimame, likiwa limebakiza nafasi ya kutosha, wakati kwa yale matairi mengine angekuwa tayari anazungumza na dume la mbele ana kwa ana. Mwenye ng'ombe akamtambua, uso ukamchanua, akaja dirishani.

"Dalali! Mungu amekuleta. Huyu mwekundu, nitajie kilo, leo nampeleka mnadani."

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini na nne. Hyasinta alifunga zipu ya begi lake. Mniko alishika usukani kwa mikono yote miwili. Miaka ishirini na sita hakuwahi kuulizwa swali hilo akakataa kumzunguka mnyama.

"Tupishe kwanza, mzee wangu, nakuomba."

Fimbo zikalia, ng'ombe wakagawanyika, gari likapenya. Lakini lilipomfikia yule mwekundu, mkono wa Mniko ulitoka dirishani wenyewe, ukampiga kofi la paja.

"Mia mbili na themanini na tano!" akapaza sauti, na tayari walikuwa wanapanda kilima, gari likinguruma kidogo tu, kwa heshima.

Saa moja na dakika ishirini na nane Hyasinta alifungua mlango. "Halafu mlango ukafunguliwa, akaingia," akasema haraka, mguu mmoja chini. "Kitabu kiko mezani, kalamu nyekundu ni yake mwenyewe, sisi wote tunamtazama. Akakaa, akachukua rula, akatutazama mmoja mmoja—jioni nitakumalizia."

"Alisaini wapi? Juu au chini?"

"Jioni," akasema, akakimbia.

Mniko alibaki garini akitazama mlango wa ofisi. Baada ya kitambo Hyasinta akatokea, akainua kidole gumba, akaingia darasani kwake. Mniko akashusha pumzi aliyokuwa nayo tangu Jumatano, akawasha gari.

Mwalimu Hilda mwenyewe akatoka ofisini. Rula ilikuwa bado mkononi. Akaja taratibu mpaka kwenye gari, akainama, akatazama matairi ya mbele, kisha ya nyuma.

"Baba Robert, yale mengine umeyatoa?"

"Nimeyatoa, mwalimu."

"Umeharibu. Yale yalikuwa na heshima. Haya yanaonekana yana njaa."

"Yana njaa kweli," akasema Mniko. "Mwenye njaa huwahi."

Hilda akatikisa kichwa kwa masikitiko. Mniko alimtazama yeye, akaitazama rula, akaitazama saa ya ukutani iliyoonekana kupitia mlango wazi, na lile swali la juu au chini likamfika mpaka kwenye meno. Akalimeza. Lilikuwa na uzito wake, lakini alilichukua hivyo hivyo, akageuza gari kuelekea Bunda. Jioni haikuwa mbali, na aliyekuwa na jibu angerudi kulala nyumbani.